Mnyoo Mwenye Vigae: Maumbile na Uainishaji Wake

Utangulizi

Kila mwalimu anayefundisha ngeli amewahi kuulizwa swali hili: kwa nini tunasema "mnyoo huyu" na "minyoo hawa", ilhali neno lenyewe lina viambishi m- na mi- kama mti na miti? Jibu tunalijua. Nomino hatuiainishi kwa kiambishi chake peke yake, bali tunatazama upatanisho wake katika sentensi. Kwa umbo neno hili linafanana na mti; kwa upatanisho liko pamoja na mtu.

Katika makala hii tunakusudia kuonyesha kwamba wanabiolojia nao hukutana na swali la aina hiyo hiyo, na kwamba mwalimu wa Kiswahili anaweza kulieleza kwa maneno tuliyo nayo. Mfano wetu ni mnyoo mdogo wa bahari za baridi anayeitwa kitaalamu Harmothoe imbricata. Makazi yake ni bahari za kaskazini: Aktiki, Atlantiki ya Kaskazini na Pasifiki ya Kaskazini. Maji yakupwapo katika fukwe za Norway au Uingereza, huonekana chini ya mawe, katikati ya kome na kwenye mashina ya mwani mkubwa.

Mnyoo wa namna gani?

Msomaji anapokutana na neno mnyoo, aghalabu hufikiria minyoo ya tumboni. Hapa ni lazima mwalimu au mfasiri atangulize maelezo, la sivyo msomaji atapotea tangu mstari wa kwanza. Mnyoo huyu si kimelea wa tumboni. Ni mwindaji anayetambaa chini ya bahari na kula wanyama wadogo. Jamaa yake tunayemfahamu ni nyungunyungu wa shambani. Jamaa mwingine ni ruba. Wote watatu wana mwili uliogawanyika katika pingili, kama muwa.

Maumbile ya nje

Urefu wa mnyoo huyu hufikia sentimita 6 hivi. Ukimtazama kwa juu huoni pingili zake, kwa sababu mgongo umefunikwa na magamba ya mviringo yaliyopangwa jozi kwa jozi, kila moja likilalia kidogo lile linalofuata. Ndiyo maana akapewa jina imbricata, neno la Kilatini linalohusu vigae vya paa vilivyopandana. Magamba haya si kama ya samaki. Kila moja ni kipande chembamba cha ngozi kilichosimama juu ya kikonyo kifupi, na maji hupita chini yake. Jike hubeba mayai katika nafasi hiyo mpaka viluwiluwi watoke.

Ubavuni, kila pingili ina jozi ya vikono vyenye matawi mawili, la juu na la chini. Katika kila tawi mna kishungi cha nywele ngumu za kitini, yaani dutu ile ile inayopatikana katika gamba la mende. Nywele hizo humsaidia kushika mawe asichukuliwe na mawimbi.

Kichwani ana vipapasio vitatu na, chini yake, viungo viwili vinene vya kugusia. Macho ni manne. Jozi ya nyuma huonekana kwa juu, lakini jozi ya mbele imejificha chini ya ncha mbili za kichwa, na ni lazima kumgeuza au kumtazama kwa mbele ili kuiona. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa, kama tutakavyoona.

Maumbile ya ndani

Koromeo la mnyoo huyu ni la misuli na huweza kutokezwa nje ya kinywa. Kwenye ncha yake mna mataya manne, mawili juu na mawili chini. Windo likikaribia, koromeo hutupwa mbele, mataya hukamata, kisha vyote hurudi ndani. Utumbo hufuata mwili kutoka kinywani hadi nyuma, na kamba ya neva hupita upande wa tumbo, si mgongoni kama kwetu sisi binadamu.

Tunamtambuaje?

Rangi haitusaidii. Wako wa kahawia, wa kijivu, wa kijani, wenye madoadoa na hata wenye mstari mweusi mgongoni, na wote ni spishi moja. Mwanafunzi anayeainisha kwa rangi atapata spishi tano mahali palipo na moja.

Idadi ya magamba inasaidia zaidi. Katika fukwe hizo hizo anaishi jamaa yake, Lepidonotus squamatus, mwenye jozi 12 za magamba. Harmothoe imbricata ana jozi 15. Magamba hayo hayako kwenye kila pingili, bali yana mpangilio: pingili ya 2, 4, 5, 7, kisha moja baada ya nyingine kuachwa hadi ya 23, halafu ya 26, 29 na 32. Pingili zisizo na gamba zina uzi mwembamba wa kugusia.

Hata hivyo, mnyoo huyu akishikwa huangusha magamba yake. Anayehesabu magamba yaliyobaki atakosea. Anayejua muundo atahesabu vikonyo, kwa kuwa vikonyo hubaki hata gamba likianguka. Na kwa kuwa wako jamaa wengine wa karibu wenye jozi 15, mtaalamu humalizia kwa kutazama yale macho yaliyofichwa chini ya ncha za kichwa.

Uainishaji

Wanasayansi wanaoandika kwa Kiswahili hutumia neno letu ngeli kwa daraja moja la uainishaji wa viumbe. Mpangilio wa mnyoo wetu ni huu:

Himaya: Animalia
Faila: Annelida
Ngeli: Polychaeta
Oda: Phyllodocida
Familia: Polynoidae
Jenasi: Harmothoe
Spishi: Harmothoe imbricata

Jina kamili huandikwa Harmothoe imbricata (Linnaeus, 1767). Mabano hayo si pambo. Yanatuambia kwamba Linnaeus, mtaalamu wa Sweden, alipomwelezea mnyoo huyu mwaka 1767 alimweka katika jenasi nyingine: alimwita Aphrodita imbricata. Jenasi Harmothoe ilianzishwa na Kinberg katika karne ya 19. Kama mnyoo angebaki katika jenasi ya kwanza, mabano yasingekuwapo. Mfasiri anayeyafuta kwa kudhani ni alama tu za uandishi anafuta historia ya jina.

Hata ngeli yenyewe ina mjadala. Polychaeta maana yake ni wenye nywele nyingi, na kwa muda mrefu ilitenganishwa na kundi la nyungunyungu na ruba. Tafiti za jenetiki, ukiwamo mmoja mkubwa wa mwaka 2011, zimeonyesha kwamba nyungunyungu na ruba wanatokana na ukoo ulio ndani ya Polychaeta. Nywele zilipungua au zikatoweka, lakini ukoo ukabaki. Hapa tunarudi kwenye somo letu: nyungunyungu ni kama kipofu na kiongozi, maneno yenye sura ya KI-VI yanayopatanishwa katika A-WA.

Hitimisho

Tunawashauri walimu wenzetu wautumie mfano huu darasani wanapofundisha ngeli au tafsiri ya matini za sayansi. Pingili, vikonyo, vigae, koromeo, mataya na vipapasio ni maneno ambayo mwanafunzi anayo tayari au anaweza kuyapata katika kamusi. Kinachobaki ni kuyapanga kwa uangalifu.

Zoezi: Waambie wanafunzi wataje majina matano ya wanyama ambayo viambishi vyake havilingani na upatanisho wake, kisha waeleze ni kigezo gani kilichowaongoza. Baadaye wachore mnyoo wetu na kuonyesha pingili zote 15 zenye magamba.