Kifungu Kinachopima Ukubwa wa Ndege

Abiria wa Marekani aliyenunua tiketi ya Delta, United au American aghalabu hupanda ndege yenye rangi na nembo za shirika hilo, ilhali marubani na wahudumu wake wameajiriwa na kampuni nyingine, kama vile SkyWest au Republic, ambayo hulipwa kiwango kilichokubaliwa kwa kila safari huku shirika kubwa likipanga ratiba, likiuza tiketi na kubeba hasara ya viti vitupu. Kinachoweka mpaka wa safari zinazoweza kukabidhiwa kampuni hizo za kikanda si sheria ya serikali bali ni kifungu cha mawanda, yaani ile sehemu ya mkataba wa pamoja kati ya shirika na chama cha marubani inayotaja kazi ambazo ni za marubani waliomo katika orodha ya ukongwe ya shirika hilo peke yao. Nafasi ya rubani katika orodha hiyo ndiyo inayoamua aina ya ndege atakayorusha, kituo chake, likizo yake na kwa kiasi kikubwa mshahara wake, naye akihamia shirika jingine huanzia mkiani hata akiwa na uzoefu wa miaka 20. Ndiyo maana kila njia inayotolewa nje huonekana kwake kuwa ngazi iliyong'olewa mbele yake.

Sheria ya mwaka 1978 ilipoondoa udhibiti wa serikali juu ya nauli na njia, kampuni ndogo zilibaki na kazi ya kuwaleta abiria wa miji midogo kwa ndege za pangaboi, kazi ambayo marubani wa ndege kubwa hawakuionea wivu. Wivu ulikuja katika miaka ya 1990, wakati jeti za viti 50 za Bombardier ya Kanada na Embraer ya Brazili zilipoanza kuchukua njia za masafa marefu zaidi, na vyama vikadai ukomo. Ukomo huo ulilegezwa baadaye kwa shinikizo la ufilisi, kwani United na US Airways ziliomba ulinzi wa mahakama mwaka 2002, zikafuatwa na Delta na Northwest mwaka 2005, na marubani waliokuwa wakipigania mishahara na pensheni walikubali ndege za viti 70, kisha 76.

Hapo mpaka umekwama, nao hauhesabu viti tu. Mikataba ya Delta, United na American huzuia pia ndege ya kikanda kuzidi pauni 86,000, takriban kilo 39,000, za uzito wa juu unaoruhusiwa wakati wa kupaa. Embraer E175, inayoweza kubeba hadi abiria 88 lakini Marekani hufungwa viti 76, hupita chini ya kikomo hicho kwa tofauti ndogo mno. Mrithi wake, E175-E2, mwenye injini mpya zinazotumia mafuta kidogo lakini zenye uzito mkubwa, amefika takriban kilo 44,600, na mwaka 2022 Embraer ilisitisha uendelezaji wake. Mitsubishi ya Japani, iliyobuni jeti yake ikitumaini kwamba kikomo kingepanda, iliufuta mradi huo mwaka 2023, ingawa ulikuwa na matatizo mengine pia. Si jambo la kawaida aya ya mkataba wa ajira kuamua kitakachoundwa katika viwanda vya mabara mengine.

Mashirika nayo hutafuta mianya. Mkataba wa shirika la Continental uliruhusu jeti za kikanda zisizozidi viti 50 lakini haukuzibana hivyo ndege za pangaboi, na kampuni ya kikanda ya Colgan ikalirushia shirika hilo Bombardier Q400 ya viti 74, aina ambayo Air Tanzania na Jambojet pia huitumia. Ndege mojawapo ilianguka karibu na Buffalo tarehe 12 Februari 2009, watu 50 wakafa, na uchunguzi ukaelekeza lawama kwenye makosa ya marubani huku ukifichua mishahara midogo na uchovu katika kampuni hizo.

Hapa ndipo udhaifu wa kifungu hiki unapoonekana, kwa sababu humlinda aliyekwisha kuingia katika orodha, wakati rubani wa kampuni ya kikanda, ambaye kazi yake hupimwa nacho, hana kura juu yake. Sheria iliyotungwa mwaka 2010 kufuatia ajali hiyo ilipandisha saa za urukaji zinazotakiwa kwa rubani msaidizi hadi 1,500 kwa wengi wao, na uhaba wa marubani uliofuata janga la korona ukazilazimisha kampuni za kikanda kuongeza mishahara kwa kiasi kikubwa kuanzia mwaka 2022, kiasi kwamba nafuu iliyokuwa ikiyavuta mashirika makubwa kutoa safari nje imepungua bila neno lolote la kifungu kubadilishwa.