Tinti mpya ya gari huharibika njiani, si kwa fundi

WANAOPITA Kobero au Mugina mara kwa mara wameliona hili. Gari linatoka Dar es Salaam au Kigoma likiwa limeoshwa na kupendeza, na vioo vyake vimewekwa tinti mpya. Baada ya miezi miwili, gari hilo hilo lina vioo vyenye mapovu na mikwaruzo, na tinti imejikunja pembeni kana kwamba imekaa miaka kumi. Mwenye gari humlaumu fundi. Fundi hulaumu vumbi. Askari wa barabarani naye huwalaumu wote wawili, kwa kuwa haoni aliyemo ndani.

Mara nyingi chanzo ni kingine. Tinti huharibiwa katika siku zake za mwanzo, kabla gundi haijashika. Kwa sisi tunaoishi kwa kuvuka mpaka, siku hizo ndizo tunazokuwa njiani, tukisimamishwa kila kizuizi na kuambiwa tushushe kioo.

Mimi ni mwalimu, si fundi. Lakini kwa kuwa nilisoma Ulyankulu, mkoani Tabora, kabla ya kurudi Burundi, majirani wanaofuata bidhaa Tanzania huniletea karatasi za maelekezo walizopewa na mafundi wa huko ili niwafafanulie. Maelekezo hayo karibu yote yanafanana. Kinachokosekana ni namna ya kuyafuata mtu akiwa na safari ya mpakani.

Kinachotokea kwenye kioo

Tinti ni utando mwembamba wa plastiki wenye gundi upande mmoja. Fundi hunyunyizia kioo maji ya sabuni kwa upande wa ndani, hubandika utando, kisha hukamua maji kwa kipande cha plastiki chenye ukingo laini. Hata akiwa hodari namna gani, maji hayaishi yote. Yanayobaki hukauka polepole, na mpaka yakauke gundi haijashika sawasawa.

Ndiyo maana kioo kipya huonekana kama kina ukungu au vijipovu vidogo vya maji. Hali hiyo ni ya kawaida na huondoka yenyewe. Usivitoboe kwa sindano, wala usivisukume kwa kucha. Lakini punje za vumbi zilizonaswa chini ya utando haziondoki, na ukingo uliojiinua haujirudishi. Hizo ni kasoro za kazi, na fundi anapaswa kuzirekebisha.

Muda wa kukauka hutegemea hali ya hewa. Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, wakati wa kiangazi cha kuanzia Juni hadi Agosti, jua husaidia sana, hivyo liegeshe gari juani. Kwenye miinuko yenye baridi kama Bururi au Mwaro, tena wakati wa mvua, ukungu unaweza kukaa hadi mwezi mzima.

Usishushe kioo

Sharti la kwanza ni kutoshusha kioo kwa siku tatu hadi tano, na wiki nzima kukiwa na baridi au mvua. Kioo kinaposhuka hupita kati ya raba za mlango, na raba hizo hukwangua utando ambao bado umelowa. Mafundi makini hubandika karatasi juu ya vitufe vya kushushia vioo ili mtu asijisahau. Kama gari lina kitufe cha kufunga vioo vya abiria, kibonyeze, hasa ukiwa na watoto.

Hapa ndipo safari zetu zinapotuponza. Jirani yangu mmoja, mfanyabiashara wa vitenge, aliwekewa tinti Kigoma jioni, na alfajiri akashika njia ya Manyovu. Alisimamishwa mara tatu na kila mara akashusha kioo chake. Alipofika nyumbani, ukingo wa juu wa utando ulikuwa umejikunja na kunasa vumbi. Kurudi Kigoma kudai haki kungemgharimu mafuta na siku nzima ya biashara. Alilipa upya huku, na faida ya mzigo ule ikaishia kwenye kioo kimoja.

Njia bora ni kuweka tinti baada ya safari. Kama umenunua gari Dar es Salaam, lilete kwanza, maliza ushuru na usajili, kisha mtafute fundi wa karibu ambaye unaweza kumrudia kasoro ikijitokeza. Dhamana ya fundi aliye ng'ambo ya mpaka ni vigumu kuidai.

Ikiwa ni lazima uweke kabla ya kuondoka, weka vioo vya nyuma tu, vya mbele visubiri. Askari akikusimamisha, kioo cha dereva ndicho anachokitaka. Na kama vya mbele navyo vimeshawekwa, simamisha gari, washa taa ya ndani, uonyeshe mikono na uzungumze kabla hujagusa mlango: "Afande, kioo hiki kimebandikwa juzi, naomba nifungue mlango uone ndani." Akikubali, mshukuru. Akisisitiza ushushe, shusha. Utando unanunulika, lakini ukishaonekana mtu wa kuficha kitu, kila safari utapekuliwa.

Kuosha bila kukwangua

Upande wa nje unaweza kuoshwa kama kawaida, kwa sababu utando uko ndani. Upande wa ndani usiuguse kwa mwezi mmoja. Baada ya hapo tumia maji yenye sabuni kidogo isiyo kali na kitambaa laini, kisha kausha kwa kitambaa kingine safi. Dawa za vioo zenye amonia ziepuke, kwa maana hula utando na kuufifisha rangi. Brashi na sponji ngumu za jikoni usizipeleke huko kabisa. Wengi wetu tumezoea kufuta vioo kwa magazeti ya zamani. Gazeti hili lisome, mpe na jirani asome, lakini usilifutie tinti, maana karatasi huacha mikwaruzo.

Wenye mizigo wawe waangalifu zaidi. Boksi lililoegemezwa kwenye kioo hukwangua utando kila gari linaporuka shimo. Funika kioo kwa blanketi au acha nafasi ya kiganja. Usibandike stika upande wa ndani, maana siku ya kuibandua itatoka na tinti. Raba za milango nazo zifute mara kwa mara, kwa kuwa mchanga unaokaa humo huchora mistari kila kioo kinaposhuka.

Giza la kupita kiasi

Kabla ya kulipa, uliza namba ya utando. Namba hiyo ni asilimia ya mwanga unaopita, hivyo 5 ni giza zaidi kuliko 35. Tena magari mengi ya Kijapani huja na vioo vya nyuma vilivyotiwa rangi kiwandani, ndani ya kioo chenyewe. Ukibandika utando wa 50 juu ya kioo kinachopitisha asilimia 20, kinachobaki ni asilimia 10 tu.

Kwa anayevuka mpaka hatari ni kubwa zaidi. Tanzania huendesha kushoto, Burundi kulia. Dereva mwenye usukani wa kulia akiingia kwetu hulazimika kutazama kioo cha pembeni cha kushoto kupitia dirisha la abiria kila anapotaka kupita gari jingine. Dirisha hilo likiwa jeusi, usiku haoni kitu.

Sheria za tinti hazifanani nchi na nchi, kwa hiyo waulize polisi wa usalama barabarani wa pande zote mbili kabla ya kubandika. Ukiamriwa kuiondoa, usiibandue kwa nguvu kando ya barabara. Omba nafasi uende kwa fundi ailainishe kwa joto na maji ya sabuni. Kioo cha nyuma kina nyuzi nyembamba za kuondoa ukungu, na wembe ukizikata hazifanyi kazi tena.

Kwa hiyo anayepanga safari ya wiki ijayo, na gari lake linasubiri tinti, aende kwanza, arudi, ashushe mzigo. Kisha alipeleke gari kwa fundi siku ambayo ana hakika halitatoka uani kwa siku tano.