Ohlange: Shule ya Durban ambayo mafanikio yake hayamo katika orodha ya matokeo

Tarehe 27 Aprili mwaka 1994, Nelson Mandela, akiwa na umri wa miaka 75, alipiga kura kwa mara ya kwanza maishani mwake. Angeweza kupiga kura hiyo Johannesburg, alikokuwa akiishi, au Transkei, alikozaliwa. Badala yake alikwenda katika shule ya sekondari iliyo juu ya kilima huko Inanda, pembezoni mwa jiji la Durban.

Sababu moja ilikuwa ya kisiasa. Jimbo la Natal lilikuwa limetapakaa damu kwa mapigano baina ya wafuasi wa chama cha ANC na wale wa Inkatha, na Mzee Mandela alitaka wakazi wake waone kwamba mtu anaweza kwenda kituoni bila hofu. Sababu ya pili imelazwa katika ardhi ya shule hiyo. Humo ndimo alimozikwa John Langalibalele Dube, rais wa kwanza wa chama kilichokuja kuitwa ANC. Siku hiyo Mandela alizuru kaburi lake na kumpa taarifa, kana kwamba marehemu alikuwa akiisubiri, kuwa Afrika Kusini imekuwa huru.

Shule yenyewe inaitwa Ohlange. Jina hilo linahusishwa na neno la Kizulu uhlanga, yaani tete. Katika masimulizi ya kale ya Wazulu, binadamu wa kwanza walichipuka kutoka penye matete.

Mtoto wa mchungaji

Dube alizaliwa Inanda mwaka 1871, katika kituo cha wamisionari wa Kimarekani ambako baba yake alikuwa mchungaji. Akiwa kijana alikwenda Marekani na kusoma katika chuo cha Oberlin, jimboni Ohio. Katika safari yake ya pili nchini humo alifika Tuskegee, Alabama, akajionea chuo cha Booker T. Washington, mtu aliyezaliwa utumwani. Hapo vijana weusi walijifunza vitabu na ufundi kwa pamoja, nao waliyafyatua matofali ya majengo yao wenyewe.

Dube na mkewe Nokutela, ambaye naye alikuwa mwalimu na mwanamuziki, walirudi nyumbani na wazo hilo. Ohlange ilipofungua milango mwaka 1901 ilikuwa na jambo ambalo shule nyingine za jirani hazikuwa nalo: mwanzilishi na mkuu wake alikuwa Mwafrika. Shule za misheni zilikuwapo, tena nzuri, lakini hatamu zilishikwa na wageni. Mwaka 1903 Dube alianzisha pia gazeti la Ilanga lase Natal, ambalo bado linachapishwa kwa Kizulu chini ya jina la Ilanga. Shule ikafundisha watu kusoma, gazeti likawapa cha kusoma.

Msomaji wa Kenya atakumbuka jambo linalofanana na hili. Peter Mbiyu Koinange alisoma Hampton, Virginia, chuo ambacho Washington mwenyewe alipitia, na mwaka 1939 akafungua chuo cha walimu huko Githunguri kwa michango ya wananchi. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952, ilipotangaza hali ya hatari. Shule inayomilikiwa na wenyeji haikuwahi kuwa jambo dogo machoni pa watawala.

Kwaya iliyotafuta fedha

Shule ya namna hiyo huishi kwa kuomba. Dube alizunguka kutafuta wafadhili, na kwaya ya wanafunzi nayo ilizunguka ikiimba. Kiongozi wake mashuhuri, Reuben Caluza, alikuwa zao la Ohlange yenyewe. Miongoni mwa nyimbo zilizoenezwa na kwaya hiyo ni ule uliotungwa mwaka 1897 na mwalimu Enoch Sontonga karibu na Johannesburg, “Nkosi Sikelel' iAfrika”. Mwaka 1925 ANC iliufanya wimbo wake rasmi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, sauti hiyo hiyo ikawa “Mungu ibariki Afrika”. Mtanzania anayesimama wima uwanjani wimbo wa taifa unapopigwa ana deni dogo kwa watoto waliokuwa wakiimba ili shule yao ipate fedha za kuendeshea.

Dube alifariki dunia mwaka 1946, miaka miwili kabla ya chama cha Makaburu kushika madaraka. Sheria ya Elimu ya Wabantu ya mwaka 1953 iliweka elimu ya Waafrika chini ya serikali, ikikusudia, kwa maneno ya wazi ya viongozi wake, kumwandaa mtoto mweusi kwa kazi za chini. Ohlange ikaingia mikononi mwa dola. Chuo jirani cha Adams, alikofundisha Albert Luthuli, kilifungwa mwaka 1956. Shule ya wasichana ya Inanda Seminary ilibaki binafsi, kwa taabu.

Mizani ya Januari

Leo Ohlange ni shule ya umma kama maelfu ya nyingine, na kila Januari hupimwa kwa mizani moja tu: asilimia ya waliofaulu mtihani wa darasa la 12, uitwao matriki. Sisi tuliosoma Afrika Mashariki miaka ya 1980 tunaijua homa hiyo, shule zikipangwa gazetini kama timu za ligi.

Tatizo ni kwamba timu hizo hazichezi katika uwanja mmoja. Sheria ya shule ya mwaka 1996 iliondoa ubaguzi wa rangi katika uandikishaji, lakini iliziruhusu bodi za wazazi kutoza ada. Durban High School, iliyoanzishwa mwaka 1866 na kuwasomesha mshairi Fernando Pessoa na mcheza kriketi Hashim Amla, ni ya umma pia. Lakini katika shule za vitongoji vya aina yake ada hufika makumi ya maelfu ya randi kwa mwaka, na fedha hizo huajiri walimu wa ziada. Tangu mwaka 2007 shule za maeneo maskini hazitozi ada. Huo ni msaada wa kweli kwa wazazi, ila mwalimu wa ziada hapatikani.

Yapo mambo yanayokataa kanuni hiyo. Shule ya Menzi, katika mji wa Umlazi kusini mwa Durban, imefaulisha watahiniwa wake wote zaidi ya mara moja, bila utajiri wa vitongoji. Mwezi Septemba mwaka 2024 Rais Cyril Ramaphosa alitia saini sheria inayozipa idara za elimu za majimbo neno la mwisho kuhusu nani aandikishwe na lugha gani itumike. Haikugusa ada.

Watalii hufika Ohlange kuona kaburi la Dube na mahali alipopigia kura Mandela. Wakishaondoka, kengele hulia na vijana wa Inanda hurudi darasani kujiandaa kwa matriki.