Keratini na Kingamwili: Ushahidi wa Ukoo wa Seli

Mkulima wa viungani mwa Kitale huijua keratini tangu utotoni, ingawa pengine hajapata kulisikia jina lake. Ndiyo protini inayojenga pembe na kwato za ng'ombe wake, pamoja na nywele na kucha zake mwenyewe. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi protini hiyo inavyowasaidia matabibu kuitambua saratani.

Ndani ya seli za epithelia, yaani seli zinazoifunika ngozi na kutanda ndani ya kinywa, umio na utumbo, mna nyuzi za keratini zinazoipa seli uimara, mithili ya fito katika ukuta wa udongo. Binadamu ana jeni 54 za keratini, na kila aina ya epithelia ina mchanganyiko wake. Seli hizo zinapogeuka kuwa saratani, aghalabu huendelea kubeba keratini za asili yake.

Tuchukue mfano wa mgonjwa wa Kitale au Bungoma aliyeota uvimbe shingoni. Huenda ni saratani ya umio, iliyo miongoni mwa saratani za kawaida magharibi mwa Kenya, iliyosambaa hadi kwenye tezi za limfu. Huenda pia ni limfoma, saratani ya seli za kinga zenyewe. Chini ya hadubini maradhi haya mawili yaweza kushabihiana mno, ilhali tiba zake ni mbalimbali.

Hapo ndipo kingamwili hutumika. Hii ni protini ya kinga inayonasa kitu kimoja mahususi. Mwaka wa 1975, Georges Köhler na César Milstein walibuni mbinu ya kuzalisha kwa wingi kingamwili za aina moja. Kipande chembamba cha uvimbe hutiwa kingamwili inayoitambua keratini, kisha nyingine iliyobeba kimeng'enya. Dawa ikiongezwa, kimeng'enya hicho huigeuza kuwa rangi ya kahawia palipo na keratini. Rangi isipotokea, limfoma hutafutwa kwa kingamwili nyingine.

Hata hivyo, dalili ya mvua ni mawingu, wala si kila wingu huleta mvua. Seli za epithelia zenye afya pia zina keratini. Rangi hutaja ukoo wa seli. Hukumu hutolewa na tabibu aliyepima ushahidi wote.

Neno kingamwili hujieleza lenyewe kwa msemaji wa Kiswahili. Ni wajibu wetu wanafunzi wa lugha hii kuyafikisha maneno kama hayo kwa mgonjwa, ili ayaelewe majibu yanayoamua tiba yake.