'Malaba kumejaa, twende Busia': Kompyuta inavyoiga akili ya foleni

Dereva wa lori anayetoka Mombasa kwenda Kampala ana milango miwili mikubwa ya kuingilia Uganda: Malaba na Busia. Akiwa njiani simu yake haiishi ujumbe kutoka kwa wenzake waliotangulia. Wakisema Malaba kumejaa, anabadilisha njia mapema na kushika ya Busia. Uamuzi wake ni wa busara. Tatizo ni kwamba ujumbe uleule umewafikia madereva wengine wengi, nao wana busara kama yake. Ikifika jioni, Busia ndiko kumejaa, Malaba kunapumua, na ujumbe mwingine unaanza kuzunguka.

Hapo hakuna wa kulaumiwa. Ofisa wa forodha hakulala kazini, dereva hakufanya ujinga. Lakini mwenye mzigo unaooza anahesabu hasara, na mwenye lori anadai malipo ya siku ya ziada.

Wachumi wana mfano maarufu wa mkanganyiko huu, nao umetoka baa. Mwaka 1994, W. Brian Arthur, mchumi mzaliwa wa Belfast aliyekuwa akifanya kazi katika Taasisi ya Santa Fe nchini Marekani, aliandika kuhusu El Farol, baa ya mjini humo iliyokuwa na muziki wa Kiayalandi kila Alhamisi usiku. Alichukua watu 100 wa kubuni. Wakienda chini ya 60, kunapendeza. Wakizidi hapo ni kubanana tu, na afadhali mtu angebaki nyumbani. Kila mmoja anaamua peke yake bila kuulizana na wenzake, na anachojua ni idadi ya waliokwenda wiki zilizopita tu.

Hesabu ya kawaida inakwama hapo. Kama ingekuwapo kanuni moja ya uhakika ya kubashiri, wote wangeitumia. Ikisema baa itakuwa tupu, wote wanakwenda, inajaa. Ikisema itajaa, wote wanabaki, inakuwa tupu. Yeyote aliyewahi kupeleka vitunguu sokoni kwa sababu bei ya wiki iliyopita ilikuwa nzuri, akakuta kila mtu ameleta vitunguu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Arthur aliachana na kutafuta kanuni moja. Aliwapa watu wake, ndani ya kompyuta, mbinu mbalimbali. Huyu anaamini wiki hii itafanana na iliyopita, yule anachukua wastani wa wiki nne, mwingine anaangalia wiki mbili nyuma. Kila mmoja ana mbinu kadhaa na hutumia ile iliyomfaa zaidi siku za karibuni. Ikimwangusha, anashika nyingine. Idadi ya wateja ilipanda na kushuka bila kutulia, lakini wastani wake ukakaa kwenye 60, bila mtu yeyote kuwapangia.

Kazi ya namna hii huitwa modeli ya mawakala. Wakala hapa si yule wa forodha wala wa kutuma pesa kwa simu. Ni mtu wa kubuni ndani ya programu, aliyepewa kanuni chache za kuamulia mambo yake. Wanawekwa mamia au maelfu, wanaachwa wahangaike, kisha mtafiti anatazama kinachotokea. Wakati mwingine hata kompyuta haihitajiki. Thomas Schelling, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2005, alionyesha mwaka 1971 kwa kusogeza sarafu kwenye miraba kwamba watu wanaotaka majirani wachache tu wa kufanana nao wanaweza kuishia kwenye mitaa iliyotengana kabisa, ingawa hakuna kati yao aliyeitaka hali hiyo.

Foleni za mpakani zina fomula zake za zamani, na si za kudharau. Chukua kituo chenye uwezo wa kuhudumia malori 10 kwa saa. Kwa fomula inayotumika sana, yakifika matano kwa saa bila mpangilio, kituoni kutakuwa na lori moja tu kwa wastani. Yakifika tisa, yatakuwa tisa. Yakifika tisa na nusu, yanakuwa 19. Nusu lori tu kwa saa inazidisha msongamano zaidi ya mara mbili! Ndiyo maana mwaka 2020, upimaji wa madereva kwa ajili ya virusi vya korona ulipoongezwa juu ya ukaguzi wa kawaida, foleni ya Malaba ilinyooka makumi ya kilomita.

Fomula hiyo, hata hivyo, humchukulia dereva kama maji ndani ya bomba. Haijui kwamba ana simu. Modeli ya mawakala humpa simu, humpa wenzake, na humruhusu kugeuza njia.

Wanaodhani ni michezo ya wasomi waulize Southwest, shirika la ndege la Marekani. Zaidi ya miaka 20 iliyopita lilikuwa na tatizo la mizigo kurundikana kwenye baadhi ya vituo. Wafanyakazi walikuwa wakipakia kila mzigo kwenye ndege ya kwanza inayoelekea upande wake, jambo ambalo mtu yeyote angeona ni sahihi. Modeli ilionyesha vingine: mara nyingi ni afadhali mzigo ubaki ndani ya ndege inayozunguka kwanza upande mwingine, kuliko kushushwa na kupakiwa tena. Kwenye vituo vyenye shughuli nyingi uhamishaji wa mizigo ulipungua kwa hadi asilimia 80, na faida ikakadiriwa kuzidi dola milioni 10 kwa mwaka.

Kwa ukanda huu, faida kubwa zaidi ingekuwa kujaribu kanuni kabla ya kuitangaza. Machi 5, 2021, Kenya ilizuia mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Malori yaliyokwisha kupakiwa yakakwama. Siku chache baadaye zuio likaondolewa kwa masharti, yakiwamo usajili wa waagizaji na cheti cha vipimo. Hofu ya sumukuvu ni ya kweli. Lakini mtu mwenye gunia mia mpakani hageuki kuwa jiwe kwa sababu ya barua. Atasubiri, atauza kwa hasara, au atatafuta njia za panya, ambako mahindi hayapimwi kabisa. Modeli ingeuliza ni wangapi wangechagua lipi, na afya ya mlaji ingeishia wapi.

Vyombo vya kufanyia kazi hiyo vipo. NetLogo, programu iliyoanzishwa na Uri Wilensky mwaka 1999, inapatikana bure, na ndani yake imo baa ya El Farol tayari. Mwanafunzi wa chuo wa Arusha au Kampala anaweza kuifungua leo na kuigeuza iwe Busia.

Asichoweza kukipata humo ni tabia za watu wa Busia. Mama anayevusha mchele hachagui kivuko kwa urefu wa foleni peke yake. Anaangalia pia wapi atalala salama, wapi anakopesheka, wapi anafahamika. Kwa mujibu wa utaratibu rahisi wa biashara wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, mzigo usiozidi dola 2,000 hutumia cheti chepesi cha uasilia. Mwenye mzigo wa dola 2,300 hufanyaje? Pale mpakani jibu linajulikana kwa kila mtu. Kwenye kompyuta halimo, mpaka mfanyabiashara mwenyewe aulizwe na akubali kulisema.