Tarakilishi ikikataa kuzimika, usikimbilie swichi ya ukutani

Na MWANDISHI WETU

KAZI imekwisha na mwenye tarakilishi ameiamuru mashine yake izimike. Dakika kumi baadaye, ujumbe wa kuaga ungali kwenye skrini. Au skrini imekuwa nyeusi huku feni ikiendelea kuvuma. Au mashine imezimika kisha ikajiwasha yenyewe.

Wengi wakifikia hapo huzima swichi ya ukutani au kuchomoa waya wa stima. Tendo hilo huizima mashine, lakini laweza kuharibu faili za miaka mingi, na halitibu maradhi yenyewe. Kesho yake kero hurejea.

Ni vyema kufahamu kwamba kuzimika kwa tarakilishi ni kazi yenye hatua kadhaa. Mashine hufunga programu moja baada ya nyingine, huandika kwenye diski data iliyokuwa ingali katika kumbukumbu ya muda, kisha mfumo endeshi huiagiza bodi kuu ikate umeme. Hatua moja ikikwama, zinazofuata hukwama pia. Anayekata stima katikati ya uandishi huo huenda akaacha faili nusunusu.

Zamani mambo hayakuwa hivi. Katika tarakilishi nyingi za wakati wa Windows 95, mtumiaji alisubiri ujumbe wa kumwambia kwamba sasa ni salama kuzima, kisha yeye mwenyewe akabonyeza swichi iliyokata umeme moja kwa moja.

Mwaka wa 1995 kampuni ya Intel ilileta muundo wa ATX, ambapo kitufe cha mbele hakikati umeme bali hutuma ombi kwa bodi kuu. Mwishoni mwa 1996, Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa utaratibu wa ACPI, unaoupa mfumo endeshi mamlaka ya kusimamia umeme. Tangu hapo, programu moja yenye hitilafu yaweza kuizuia mashine nzima isizimike. Windows 98 Toleo la Pili, la mwaka wa 1999, ilisumbua kwa jambo hili hata Microsoft ikalazimika kutoa programu maalumu ya kulirekebisha.

Kwa hivyo, hatua ya kwanza ni kutazama mashine imekwamia wapi.

Ikiwa ujumbe ungali kwenye skrini, usome. Ukieleza kwamba mfumo unasasishwa, iache mashine imalize hata ikichukua saa nzima, kwani kukata stima wakati huo kwaweza kuuharibu mfumo wenyewe. Ukitaja programu ambayo haijafungwa, rudi uhifadhi kazi yako na uifunge.

Pasipokuwa na maelezo yoyote, shuku vifaa vilivyounganishwa. Siku nyingine kabla ya kuzima, chomoa printa, modemu na flashi. Mashine ikizimika vyema, virejeshe kimoja kimoja katika siku zinazofuata hadi umpate mkorofi. Mara nyingi dawa ni kuweka draiva mpya, yaani ile programu ndogo inayouwezesha mfumo kuwasiliana na kifaa hicho.

Ikiwa skrini ni nyeusi na feni inavuma, mshukiwa wa kwanza ni mtindo wa kuwasha kwa haraka ulioletwa na Windows 8 mwaka wa 2012, na ambao umo pia katika Windows 10 na 11. Chini ya mtindo huo, mashine haifungi kiini cha mfumo, bali hukihifadhi kwenye diski ili iwake upesi baadaye.

Kuupima ni rahisi. Shikilia kitufe cha Shift unapochagua kuzima, na mashine itafunga kila kitu. Ikizimika bila matata, ingia "Control Panel", kisha "Power Options", fungua sehemu ya kazi za vitufe vya umeme na uondoe alama kwenye "Turn on fast startup". Utakachopoteza ni sekunde chache tu za kuwasha.

Mashine inayojiwasha ina sababu mbili za kawaida. Ya kwanza ni kifaa, hasa kadi ya mtandao, kilichopewa ruhusa ya kuiamsha. Ruhusa hiyo huondolewa katika "Device Manager". Ya pili ni kwamba mfumo huanguka ukiwa katika harakati za kuzimika, nao umepangwa kujiwasha upya kila unapoanguka. Katika "Startup and Recovery", ondoa alama kwenye "Automatically restart". Kosa likitokea tena, skrini itaonyesha jina au nambari yake, na fundi atakuwa na pa kuanzia.

Yote yakishindikana, subiri hadi taa ya diski itulie, kisha ushikilie kitufe cha mashine kwa takriban sekunde 10. Hii nayo ni kuzima kwa nguvu, kwa hivyo isiwe desturi. Ukiwasha tena, daftari la matukio la Windows huenda likaonyesha tukio nambari 41. Nambari hiyo husema tu kwamba mfumo haukufungwa ipasavyo, haitaji chanzo.

Swichi ya ukutani ina nafasi yake, nayo ni baada ya mashine kuzimika kabisa. Tarakilishi ya mezani huendelea kupokea umeme kidogo hata ikiwa imezimwa, hivyo ni lazima kukata stima kabla ya kuifungua.

Kupotea kwa stima ghafla ni adha tosha kwa diski zetu, na hakuna haja ya kuziongezea nyingine kila jioni. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Nakili faili zako muhimu kwingineko leo, kabla ya kuanza kumsaka mkorofi.