Shule za Kuimba za Mashambani: Namna Wakulima wa Marekani Walivyojifunza Kusoma Noti

Kila mwalimu wa kwaya anaijua taabu hii. Amewafundisha waimbaji wake wimbo wa sauti nne kwa kuwaimbia mstari baada ya mstari mpaka wameushika, nao wakauimba vizuri siku ya sikukuu. Lakini akihamishwa au akifariki, wimbo hupungukiwa na sauti moja, kisha ya pili, mpaka watu hubaki wakiimba ile sauti ya juu peke yake. Taabu hiyo si ya Afrika ya Mashariki tu. Iliwapata pia watu wa Marekani yapata miaka mia tatu iliyopita, na njia waliyoishika kuiondoa yafaa kuelezwa, kwa maana mpaka leo watu wa mashambani huko hukusanyika Jumamosi na Jumapili kuimba kwa njia hiyo hiyo.

Katika makanisa ya New England, yaani upande wa kaskazini-mashariki wa nchi ile, vitabu vilikuwa haba. Kiongozi alitamka mstari mmoja, na watu wote wakauimba baada yake. Kadiri miaka ilivyopita kila mtu aliuvuta wimbo kwa namna aliyoipenda, hata majirani wawili katika benchi moja wasipatane. Basi tangu miaka ya 1720 walitokea walimu wa kusafiri waliofungua shule za kuimba. Mwalimu alifika kijijini, akatafuta chumba, akatoza ada kidogo, akafundisha jioni kwa majuma machache. Halafu wanafunzi waliimba mbele ya wazazi wao, naye akaondoka kwenda kijiji kingine. Mmoja wa walimu hao alikuwa William Billings wa Boston, mtengenezaji wa ngozi, ambaye mwaka 1770 alitoa kitabu cha nyimbo alizozitunga mwenyewe. Vijana walizipenda sana shule hizo, na si kwa ajili ya muziki tu, maana palikuwa mahali pa heshima ambapo mvulana na msichana waliweza kuonana bila kuulizwa maswali.

Hata hivyo, kusoma noti juu ya mistari mitano ni kazi ngumu kwa mtu aliyeshinda shambani akilima. Mwaka 1801 William Little na William Smith walitoa kitabu ambacho noti zake zilikuwa na maumbo manne: fa ni pembetatu, sol ni duara, la ni mraba, na mi ni kama uru ya karata. Sauti za muziki ni saba, lakini majina ni manne tu, kwa hiyo mtu hupanda ngazi akiimba fa, sol, la, fa, sol, la, mi, kisha hurudi kwenye fa. Siri yote imo hapo. Kupanda kutoka mi kwenda fa, au kutoka la kwenda fa, ni hatua fupi. Hatua nyingine zote ni ndefu. Mwenye kuyajua maumbo manne na kuizoesha koo yake hatua hizo aweza kufungua ukurasa asioujua na kuuimba, na hahitaji kusubiri mtu wa kumwimbia kwanza.

Wasomaji wetu waliofundishwa do, re, mi shuleni wataona kwamba jambo hili ni ndugu ya lile. Njia ile ya do, re, mi ilienezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya kumi na tisa, na wamisionari wakaileta Afrika. Yeye aliandika herufi mahali pa noti. Wamarekani waliziacha noti mahali pake, wakazibadili sura tu, na kwa maoni yangu walipata faida moja zaidi, kwa kuwa jicho huiona sauti ikipanda na kushuka.

Katika miji mikubwa wataalamu waliidharau njia hii, wakasema ni ya watu wasio na elimu. Ikahamia kusini, na huko Georgia mwaka 1844 B. F. White na E. J. King walitoa kitabu kiitwacho The Sacred Harp, maana yake Kinubi Kitakatifu. Kitabu hicho kimesahihishwa mara kadhaa, na hakijaacha kutumiwa.

Siku ya kuimba ni hivi. Watu hufika asubuhi katika kanisa dogo la shambani, mara nyingi katika majimbo ya Alabama na Georgia. Huketi pande nne kwa kuelekeana, kila upande sauti yake, na katikati huachwa nafasi wazi. Hakuna kinanda wala mazoezi ya kabla, na benchi za wasikilizaji hazihesabiwi. Mmoja mmoja huitwa, mzee kwa mtoto, akasimama katikati, akataja ukurasa autakao, akapunga mkono juu na chini kupima mwendo. Kwanza wote huimba majina ya maumbo, ndipo maneno. Karani huandika jina la mwimbishaji na namba ya ukurasa. Adhuhuri kazi husimama, na wanawake hutandaza vyakula juu ya meza ndefu chini ya miti, kila nyumba imeleta chungu chake. Kabla ya kuagana hutengwa saa maalumu ambapo husomwa majina ya waimbaji waliofariki mwaka ule, na ya wagonjwa wasioweza kufika, wakaimbiwa.

Waafrika wa Marekani nao waliimba hivyo tangu zamani, ingawa sheria na desturi za ubaguzi ziliwaweka katika mikutano yao wenyewe. Katika wilaya ya Dale, kusini-mashariki ya Alabama, alikuwako mkulima mmoja aliyeitwa Judge Jackson (neno hilo lina maana ya hakimu, lakini lilikuwa jina lake tu), aliyezaliwa mwaka 1883. Alijifunza maumbo, akawa mwalimu na mtungaji, na mwaka 1934, wakati wa ile dhiki kubwa ya fedha, alitoa kitabu cha nyimbo 77 ambazo karibu zote zilitungwa na watu weusi. Sehemu kubwa ya gharama aliilipa kutoka mfukoni mwake. Alifariki mwaka 1958. Baadaye vijana wengi wa wilaya ile walihamia mijini, na mikutano yao ikapungua; lakini nyimbo hazikwenda kaburini pamoja na mwalimu, kwa sababu zilikuwa kwenye karatasi, na kitabu chake kimechapishwa tena baada ya kifo chake.

Siku hizi watu huimba kwa maumbo hayo hata Uingereza, Ireland na Poland, na tangu mwaka 2003 kuna kambi ya kila mwaka huko Alabama ambapo wazee huwafundisha wageni. Mgeni akifika katika mkutano wowote haulizwi kama anajua. Huazimwa kitabu, huketishwa kati ya watu wawili wenye sauti imara, na huelekezwa kidole kwenye ukurasa.